Lubumbashi kwa kufuata gunia, shaba na malakiti: wiki moja kwenye atelye za mji

Anayekuja Lubumbashi, mji wa Katanga kusini mwa Kongo (DRC), kutafuta jumba la sanaa lenye kuta nyeupe, taa za darini na bei zilizobandikwa chini ya kila tablo (picha ya kuchorwa), atakuwa amemaliza mji kabla ya bukari, yaani ugali, ya mchana. Kazi ipo, tena nyingi, ila haikai hapo. Inakaa uani kwenye kitongoji cha Katuba, kwenye banda lenye vumbi la kijani, kwenye sanduku la mwalimu wa zamani, na mara nyingine kwenye simu ya mtu. Ndiyo sababu mpango huu haufuati orodha ya nyumba za maonyesho. Unafuata vitu vyenyewe ambavyo kazi za hapa zimetengenezwa navyo: udongo, gunia, shaba, malakiti (jiwe la kijani lenye shaba), na picha za kamera. Ukiuliza kitu kimetengenezwa na nini, Mlushois (mwenyeji wa Lubumbashi) yeyote atakuelekeza kwa fundi. Ukiuliza "galeri iko wapi", utaonyeshwa hoteli.

Msimu mzuri ni kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba. Mji uko juu, karibu mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo usiku wa Juni na Julai unahitaji koti. Mvua zikishaanza, rangi ya mafuta inachelewa kukauka, turubai zinalegea kwenye fremu, na njia za vitongoji vya Kenya na Katuba zinakuwa matope. Anayetaka maonyesho makubwa zaidi ya sanaa ya kisasa aulizie kwanza tarehe za bienale ya kituo cha sanaa kiitwacho Picha. Hiyo haiji kila mwaka, na matoleo yake kadhaa yameangukia Oktoba, mvua zinapogonga mlango.

Jumatatu: simu na pesa

Atelye (karakana za wasanii) hazina saa za kufungua. Fundi yupo au yuko matanga. Siku hii ni ya kupiga simu, na simu inayoshika ni ile ya asubuhi, kabla ya saa tatu. Jitambulishe, taja aliyekupa namba, sema unataka kuona kazi, na usitaje kununua. Ukitaja kununua, utakuta tablo mpya zimepangwa mlangoni na zile unazozitaka zimefichwa nyuma, kwa sababu mgeni anadhaniwa anataka mapambo.

Dola zinapokelewa kila mahali, lakini noti iwe safi. Noti iliyochanika hata kidogo pembeni, iliyoandikwa kalamu au iliyochakaa itarudishwa bila mjadala, na noti ya dola 1 wengi hawaitaki kabisa. Beba za 5, 10 na 20 za toleo jipya. Franka ni za teksi, maji na vitu vidogo. Mafundi wengi wanapokea pia pesa za simu, ila mtandao ukianguka unaanguka kwa wote, kwa hiyo usiutegemee peke yake. Nunua tochi ndogo pia. Umeme ukikatika na grupu (jenereta) haina mafuta, tablo utaiona kwa tochi yako au hutaiona.

Jumanne: Makumbusho ya Taifa

Makumbusho haya yalianza 1946, mwanzilishi akiwa Francis Cabu, wakati mji ukiitwa bado Elisabethville. Yako katikati ya mji, karibu na Jengo la 30 Juni. Watalii huyapitia haraka, na hilo ni kosa, kwa sababu hapa ndipo jicho linapofundishwa kabla mkono haujaingia mfukoni.

Anza na akiolojia. Vitu vya Sanga, kutoka bonde la Upemba kando ya Ziwa Kisale, vilichimbwa kuanzia miaka ya 1950 kutoka makaburini: vyungu, mapambo, vyuma, na shaba. Tazama misalaba midogo ya shaba. Ile ya zamani ni mikubwa kiasi na haifanani. Kadiri karne zinavyosogea inapungua ukubwa na kuanza kulingana. Huko kulingana, pamoja na jinsi ilivyowekwa kwa mafungu karibu na mikono na nyonga za marehemu, ndiko kunakowafanya wataalamu waseme ilikuwa imekuwa pesa. Msalaba huo huo uliingia kwenye bendera ya Katanga ya 1960, ukiwa mitatu, na leo unauzwa kwenye kila meza ya ukumbusho mjini. Ukishaona wa kweli, na kingo zake zisizo laini na uso wake uliopoa ndani ya kalibu ya udongo au mchanga, wa juzi uliopakwa rangi ya kijani hautakudanganya Ijumaa.

Kwenye mbao, simama mbele ya kazi za Waluba na Wahemba. Usitafute "uzuri" kwanza. Angalia nyuma: mitindo ya nywele ya Waluba imechongwa kisogoni kwa uangalifu kuliko uso. Mwiga wa siku hizi huweka nguvu zote usoni na kisogo akakipitisha kwa msasa. Ni njia rahisi kuliko zote ya kutofautisha mkono unaojua na mkono unaonakili.

Kuhusu ununuzi wa vitu vya kale, jibu ni moja: usinunue. Sheria ya 1971 inalinda mali ya utamaduni, na kitu cha kale cha kweli kikikutwa kwenye begi lako bila karatasi za makumbusho utakipoteza, pamoja na siku yako. Mtu akikunong'oneza kwamba sanamu ilitoka kwa babu yake na ina miaka mia, moja kati ya mawili: anadanganya, na umepoteza pesa, au anasema kweli, na una tatizo kubwa zaidi.

Ukitoka, zunguka Jengo la 30 Juni kwa macho. Lilijengwa miaka ya 1950 kama ukumbi wa tamthilia wa mji, kazi ya msanifu Claude Strebelle na wenzake, na baadaye likawa nyumba ya wabunge wa jimbo. Tunasema kwa macho kwa sababu kamera mbele ya majengo ya serikali, stesheni, benki, kambi na kiwanda huita askari. Hata simu. Anayetaka kupiga picha za mji aombe ruhusa ya maandishi kabla, na atembee na nakala.

Jumatano: kumbukumbu ya Hangar

Mwaka ule ule wa 1946, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés, aliyekuwa askari wa majini, alifungua atelye mjini iliyojulikana kama Hangar. Hakufundisha mtazamo wa Kizungu wa kuchora, na alikataza kunakili picha za Ulaya. Alitoa karatasi, rangi na mahali. Humo walitoka Bela Sara, Pilipili Mulongoy na Mwenze Kibwanga. Alipofariki 1954, kundi lake liliingia kwenye shule ambayo Laurent Moonens alikuwa ameianzisha 1951, ile ambayo leo ni Institut des Beaux-Arts.

Watu hupenda kusema Hangar iliwaacha wachoraji huru. Ni nusu ya kweli. Anayekataza Ulaya, anayechagua karatasi na anayeamua kipi kiende kwa mnunuzi, huyo naye anaelekeza. Ila matokeo yalikuwa mikono mitatu ambayo huwezi kuichanganya, na mtu anayetaka kununua kazi ya "mtindo wa Hangar" lazima aijue.

Bela alichora kwa ncha za vidole. Ukisogea karibu utaona alama za mguso, doa juu ya doa, bila mstari wa brashi unaoburuta. Pilipili ni ndege, samaki, nyoka, wanyama wanaowindana, na mandharinyuma iliyojazwa vijialama vidogo kwa subira mpaka hakuna pahali patupu. Mwenze ni mistari mifupi iliyolazwa sambamba, rangi za udongo, na watu wanaotokea ndani ya mistari hiyo hiyo badala ya kuzungushiwa ukingo. Mwiga anakosea pale pale kila mara. Kwa Pilipili, anachoka kwenye mandharinyuma, na vijialama vinakuwa vikubwa kadiri unavyokaribia kona ya chini. Kwa Mwenze, anachora mtu kwanza, kisha anamjaza mistari, ukingo unaonekana. Kwa Bela, anatumia pamba au sponji, na madoa yote yana ukubwa mmoja, jambo ambalo vidole vitano haviwezi.

Kuiga mtindo si kosa. Watoto na wanafunzi wa wazee hao wanaendeleza njia zao kwa haki kabisa na wanatia sahihi kwa majina yao. Kosa ni sahihi ya marehemu kwenye rangi inayonuka bado.

Kuingia Institut des Beaux-Arts, pitia kwanza ofisini na kitambulisho, useme unataka kuona atelye ya uchoraji, ya uchongaji au ya kauri. Nenda ndani ya mwaka wa masomo, Septemba hadi mwanzoni mwa Julai. Likizo, utakuta mlinzi tu. Mitihani ya mwisho wa mwaka ni wakati mzuri sana kuliko wote, kwa sababu kazi za wanafunzi zimetundikwa zote pamoja na unaweza kuona kizazi kinachokuja kinaelekea wapi. Mwalimu unamwita "mwalimu" au "papa", si jina lake. Ukipenda kazi ya mwanafunzi, ongea na mwalimu kwanza. Bei atakayokutajia mwanafunzi peke yake ni ya woga au ya ndoto.

Alhamisi: gunia

Leo ni vitongoji vya kazi: Kamalondo, ambayo ni cité (mtaa wa wafanyakazi) ya zamani kuliko zote, kisha Kenya na Katuba. Vaa viatu vilivyofungwa, uache saa ya thamani nyumbani, na utembee na mtu wa mtaa. Si kwa sababu ya hatari kubwa. Ni kwa sababu bila yeye utapita mbele ya nyumba ya mchoraji mara nne.

Uchoraji huu ndio ulioipa Katanga jina. Katika miaka ya 1960 na 1970, nyumba nyingi za wafanyakazi wa mgodi na za walimu zilikuwa na tablo sebuleni, zilizonunuliwa na watu wa hapa hapa kwa mshahara wa hapa hapa. Mada zilikuwa zinajulikana kwa majina: Mamba Muntu (mwanamke nusu samaki anayeleta utajiri na kudai kitu), Colonie belge, yaani koloni la Ubelgiji (bendera, askari na mtu anayechapwa fimbo), kijiji cha zamani, kiwanda na bomba lake la moshi, Lumumba akiwa amefungwa. Walioninginiza kazi hizi waliziita ukumbusho, na hazikuwa mapambo: mgeni akiingia, mwenye nyumba alianza kusimulia. Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa 1947, alilipeleka jambo hili mbali kuliko mwingine yeyote. Kati ya 1973 na 1974 alichora historia nzima ya nchi, tablo zaidi ya 100, akizieleza moja moja kwa Kiswahili cha Katanga mbele ya kinasa sauti cha mwanaanthropolojia Johannes Fabian. Zile tablo ziko Amsterdam. Hapa mjini hazipo, na ni vizuri kulijua hilo kabla ya mtu kukuuzia "Tshibumba ya mwisho".

Sasa kitu chenyewe. Turubai ya jadi ni gunia la unga la pamba lililofumuliwa, likafuliwa mpaka maandishi yafifie, likakazwa kwenye fremu ya mbao nyembamba kwa misumari midogo. Kisha linapakwa rangi nyeupe ya maji ya ukutani, mara mbili, ili uzi ujae. Juu yake rangi, mara nyingi ile ya makopo ya mafuta inayopakwa milango, kwa sababu inapatikana na inang'aa. Kila hatua ina ugonjwa wake, na dakika mbili zinatosha kuipima tablo:

Igeuze. Nyuma ndiko ukweli uliko. Ukiona uzi wa plastiki unaong'aa, hilo ni gunia la siku hizi la polipropilini; rangi haishiki, na baada ya mwaka inabanduka kwa vipande. Pamba au turubai halisi, sawa. Ukiona rangi imepenya hadi nyuma kwa madoa ya mafuta, nyeupe ya kwanza ilipakwa mara moja tu au haikupakwa, na mafuta yatakula uzi.

Bonyeza kwa upande wa kidole pale rangi ilipo nene. Rangi ya kopo inakauka juu ndani ya siku moja lakini ndani inabaki laini kwa wiki. Ikikubali alama ya kidole, usiikunje. Mwachie mchoraji aimalize kukauka na umtumie mtu aichukue.

Tazama kona za fremu. Kama mbao zimepigiliwa msumari mmoja bila kukatwa kwa pembe, mvua ya kwanza itaipindua. Si neno, maana utaivua kwenye fremu kwa safari, ila usiilipie fremu.

Bei inategemea ukubwa, muda na jina, kwa mpangilio huo kwa wachoraji wengi, na kwa mpangilio wa kinyume kwa wachache wanaojulikana nje. Salamu kwanza, kiti kwanza, halafu: "Papa, ile tablo ni bei gani?" Akitaja, usikate nusu kama sokoni. Punguzo la haki linapatikana kwa kuchukua mbili, au kwa kuacha fremu. Na muulize aisimulie. Mchoraji ambaye hawezi kuisimulia tablo yake ya ukumbusho aliinakili kutoka kwa jirani, na jirani huyo huenda yuko nyumba ya tatu kutoka hapo.

Tablo ikishalipwa, piga picha ya mbele na nyuma, na mwombe mchoraji aandike kwa kalamu nyuma: jina lake, mada, mwaka, Lubumbashi.

Ijumaa: shaba na malakiti

Kiwanda cha kuyeyushia shaba cha Lubumbashi kilimimina shaba yake ya kwanza 1911, mwaka mmoja tu baada ya reli kufika. Bomba lake na mlima mweusi wa taka pembeni vinaonekana kutoka karibu kila kona, na vimechorwa mara nyingi kuliko mtu yeyote wa mji huu. Zamani kabla ya kiwanda, shaba iliyeyushwa kwenye tanuru za udongo, na waliomiliki kazi hiyo waliitwa walaji wa shaba.

Mafundi wa leo wa bati la shaba wanafanya hivi. Bati ni jembamba, karibu nusu milimita. Lililozidi milimita moja ni la fundi mwenye mabega. Mchoro unahamishwa kutoka karatasini kwa ncha isiyo kali. Bati linalazwa kifudifudi juu ya mfuko wa mchanga, mpira mnene au lami, na linagongwa kutoka nyuma kwa tindo za vichwa vya mviringo mpaka umbo livimbe mbele. Linageuzwa, na ukingo unakazwa kutoka mbele. Hapo ndipo wasiojua wanapoharibu: shaba inayogongwa inakuwa ngumu. Ukiendelea, inapasuka, na inapasuka kila mara kwenye pua, vidole na ncha za pembe, pale ilipovutwa zaidi. Dawa ni moto. Bati linapashwa mpaka liwe jekundu hafifu, linatiwa majini, na linalegea tena kama lilivyokuwa. Kazi ya uso wa mtu wenye kina inarudi motoni mara kadhaa. Kazi ya bei rahisi hairudi hata mara moja, ndiyo maana nyuso zake ni bapa.

Mwishoni linasafishwa, linatiwa weusi kwa dawa ya salfa, linasuguliwa ili sehemu zilizoinuka zing'ae, kisha vanishi. Litazame kwa upande dhidi ya mwanga. Alama za vidole chini ya vanishi zitabadilika kuwa kahawia miezi michache baadaye na hazitoki bila kuondoa vanishi yote. Igeuze pia: mpasuko mara nyingi umezibwa kwa risasi kwa nyuma. Kuziba si dhambi, ila kunapunguza bei.

Malakiti ndiyo inayojaza meza za wauzaji katikati ya mji: mayai, sahani za majivu, tembo, mikufu, seti za chesi. Ni madini ya shaba, zaidi ya nusu ya uzito wake ni shaba yenyewe, na ni laini kwa jiwe: kisu cha chuma kinalikwaruza. Ulaini huo ndio unaofanya lichongeke, na ndio unaofanya lichakae. Pete ya malakiti ya kuvaa kila siku itapoteza mng'ao. Mkufu au yai, hapana.

Fundi anaanza kwa kuchagua donge na kulilowesha ili mistari na nyufa zijitokeze. Analikata kwa msumeno wa duara wenye maji yanayotiririka, analipa umbo kwenye jiwe la kusagia, halafu msasa wa maji kuanzia namba 120, 240, 400, mpaka 800 au zaidi, na mwisho kitambaa na nta. Maji si anasa. Jiwe likikatwa kavu linapata joto na kupasuka kwenye mistari. Likizidi joto, kijani kinageuka cheusi kwa sababu madini yenyewe yanavunjika na kubaki oksidi ya shaba. Na vumbi lake ni sumu kwa mapafu. Atelye ambayo kila kitu, hadi nyusi za vijana, ni kijani, inakata kavu. Tunashauri usinunue hapo, na kama una barakoa za ziada kwenye begi, ziache.

Namna ya kutambua. La kweli ni zito kuliko unavyotarajia, karibu mara nne ya uzito wa maji ya ujazo ule ule, na linabaki baridi mkononi kwa muda. Mistari yake haifanani: inapanuka, inabana, inazunguka jicho, inakatika. La bandia, la unga uliochanganywa na gundi au la plastiki, lina mistari ya upana mmoja yenye weusi mkali, ni jepesi, na linapata joto haraka. Katikati kuna ile isiyo bandia wala kamili: vipande vyembamba vilivyobandikwa juu ya jiwe la kawaida. Boksi na meza nyingi kubwa hutengenezwa hivyo, na ni kazi halali yenye ufundi wake. Fuata mistari kwenye pembe: ikiendelea kutoka upande mmoja hadi mwingine, ni donge moja, ikikatika ghafla, ni vipande. Muuzaji mwaminifu atakuambia mwenyewe.

Pitisha ukucha juu ya uso. Pale unapokwama, kuna ufa uliojazwa gundi na unga wa kijani. Vitu vidogo karibu vyote vina mmoja au wawili, lakini tembo mwenye ufa shingoni atavunjika kwenye begi.

Nyumbani, kitambaa kikavu au chenye maji kidogo, basi. Sabuni kali, siki, limau na dawa za kusafishia madirisha zinakula jiwe hili. Usilitumie kama kikombe au sahani ya chakula. Pembe za ndovu zikitokea chini ya meza, ondoka kwenye meza hiyo. Usijadiliane hata bei.

Jumamosi: picha na mashine za karatasi

Jumamosi alasiri ndipo maonyesho ya kisasa yana watu. Kituo cha Picha kilianza 2008, kikiwa na Sammy Baloji na wenzake, na kutoka humo ikatoka bienale ya Lubumbashi. Kituo cha Waza nacho kinafanya makazi ya wasanii, mijadala, maktaba na maonyesho madogo. Halle de l'Étoile, ambayo ni nyumba ya utamaduni ya Ufaransa, ina ukumbi na ratiba inayobandikwa mlangoni. Ndiyo rahisi kuliko zote kwa mgeni kuingia bila kumjua mtu. Hakikisha kwa simu siku hiyo hiyo, kwa sababu ratiba hubadilika na vituo huhama nyumba.

Ukishatembea Alhamisi na Ijumaa, kazi hizi zitakuingia tofauti. Baloji, aliyezaliwa hapa 1978, katika mfululizo wake wa 2006 aliwakata wafanyakazi kutoka picha za kumbukumbu za mgodi na kuwasimamisha ndani ya magofu ya kiwanda aliyoyapiga mwenyewe. Ni ukumbusho ule ule wa sebuleni, kamera ikiwa mahali pa gunia. Georges Senga alimfuata mwalimu mmoja anayefanana na Lumumba na kuishi kama yeye. Jean Katambayi Mukendi, aliyesomea umeme, anatengeneza mashine za katoni, nyaya na vipande vya vifaa vilivyokufa, na anachora taa kubwa katika mji ambao mgodi unakula umeme huku nyumba zikisubiri. Hakuna haja ya maelezo marefu ukutani kwa mtu aliyekaa gizani usiku uliopita.

Picha za kamera hununuliwa kwa toleo. Uliza imechapwa ngapi, yako ni ya ngapi, imechapwa wapi na kwa karatasi gani, na upewe cheti kilichotiwa sahihi. Bila hayo ni bango.

Jumapili: Makwacha, kisha kufunga mizigo

Makwacha, kijiji cha eneo la Kipushi, kinajulikana kwa wanawake wanaopaka kuta za nyumba zao kwa udongo wa rangi, mvua zinapokwisha. Nyekundu, nyeupe, nyeusi, njano, zote kutoka ardhini. Ni safari ya kuchukua sehemu kubwa ya siku kwa gari la kukodi. Wakati wa mvua hutaona kitu, kwa sababu mvua ndiyo inayofuta. Ukifika, nenda kwa mkuu wa kijiji kwanza, kisha kwa mama mwenye ukuta. Picha zinapigwa kwa ruhusa yake, na shukrani inaenda mkononi mwake, si kwa dereva wala kwa kijana aliyekuongoza.

Jioni ni ya kufunga. Turubai iliyokauka inaviringishwa rangi ikiwa nje, si ndani, maana ikiwa ndani rangi inabanwa na kukunjamana. Iviringishe juu ya bomba la plastiki la upana wa sentimita 10 au zaidi, na karatasi nyeupe kati ya tabaka. Gazeti linahamisha wino wake. Bati la shaba linalala kati ya mbao mbili nyembamba na kitambaa. Kila kipande cha malakiti kwenye nguo yake, katikati ya begi la mkononi kama uzito unaruhusu, kwa sababu begi linalotupwa uwanjani ndilo linalovunja shingo za tembo.

Weka risiti juu, si chini. Kwenye uwanja wa ndege wa Luano au kwenye mpaka wa Kasumbalesa, afisa wa forodha anataka kujua jambo moja kuhusu malakiti na shaba: ni kitu kilichotengenezwa, au ni madini? Kilichochongwa na kung'arishwa, chenye risiti ya fundi, kinapita kwa maelezo. Donge ghafi, hata dogo, hata likiwa zuri namna gani, ni madini, na madini yana karatasi zake ambazo wewe huna. Liache mezani kwa fundi aliyelitoa.